Sahihi ya Mkwe

Barua iliyonipeleka chuoni ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilinishukuru kwa utumishi wangu. Ya pili ilisema mhudumu wa afya asiye na cheti cha uuguzi na ukunga hataingia tena chumba cha kujifungulia, isipokuwa kufanya usafi. Ya tatu ilinipa muda wa kuleta cheti hicho: miaka miwili na miezi mitatu. Mafunzo yenyewe ni ya miaka miwili, na matokeo husubiriwa kama miezi mitatu. Nilipiga hesabu mara mbili kwenye meza ya dawa na jibu likawa lilelile. Nafasi ya kukosea haikuwepo hata moja.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza katika zahanati moja, nje kidogo ya Segese. Niliajiriwa kupiga deki na kuchemsha vyombo. Lakini zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja, na muuguzi huyo alikuwa mtu wa semina. Mwanamke mwenye uchungu hasubiri semina iishe. Mtoto wa kwanza nilimpokea peke yangu saa nne asubuhi, ndoo ya deki ikiwa bado katikati ya korido. Mama yake hakujua kuwa mimi ni msafishaji, nami sikuona kama ule ulikuwa wakati wa kumweleza.

Baada ya siku ile nilinunua kaunta buku na kuanza kuandika. Kila mtoto aliyepita mikononi mwangu nilimwandika: saa, uzito, kilichokwenda sawa, kilichonitisha. Kwenye kabati la zahanati palikuwa na kitabu kikubwa cha ukunga cha Kiingereza, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Nilikisoma na kamusi pembeni kwa miaka minne mpaka nikakimaliza. Somo la kemia, linalodaiwa na vyuo vya uuguzi na lililonishinda nilipokuwa kidato cha nne, nililirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka mmoja kabla ya barua, kwa sababu nilikuwa nimeanza kunusa barua za namna hiyo. Kijana aliyekaa dawati la mbele yangu kwenye chumba cha mtihani alikuwamo ndani ya kaunta buku langu, kilo tatu na gramu mia mbili. Aligeuka akaniomba rula.

Kwa hiyo nilipokwenda chuoni Shinyanga sikwenda kama mtu asiyejua kitu, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa matatizo yangu.

Nilipanga chumba Ibadakuli, upande ambao ndege chache zinazokuja hupita juu ya bati, na kila siku nikatembea kwenda darasani. Mkufunzi wetu wa ukunga alikuwa rika la binti yangu wa pili. Getini alinisalimia shikamoo, nami nikamwitikia marahaba. Dakika tano baadaye aliingia darasani na mimi nikasimama pamoja na wenzangu kumpa heshima yake. Tulifanya hivyo kwa miaka miwili bila kuulizana. Wanafunzi wenzangu waliniita Bibi Leba, yaani bibi wa chumba cha kujifungulia. Walikuja kwangu kuuliza maswali, kisha mkufunzi akauliza maswali yaleyale, wakajibu wao, wakapigiwa makofi.

Wiki nzima tulifundishwa kumpokea mtoto kwa kutumia mwanasesere wa plastiki anayetokea kwenye nyonga ya plastiki. Niliomba ruhusa ya kusema kwamba mtoto wa kweli anateleza. Mkufunzi akaniambia kwa upole, “Mama, tunafuata hatua. Hatua ya kwanza?” Nikataja hatua ya kwanza. Nilikuwa nimetaja hatua ya kwanza tangu Jumatatu.

Mwaka wa pili tulipangiwa wodi za mafunzo kwa vitendo. Sharti lilikuwa hili: katika wiki nne, kila mwanafunzi azalishe mara tano chini ya macho ya mkunga aliyesajiliwa, na mkunga huyo aweke sahihi yake kwenye kitabu cha vitendo, mstari mmoja kwa kila uzazi. Mistari mitano, sahihi tano. Pungufu ya hapo hupati cheti. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Nilisoma jina langu, nikasoma jina la hospitali, ambayo iko Kahama mjini, kisha nikasoma jina la mkunga msimamizi.

Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza.

Hapo awali alikuwa dereva wa malori makubwa mgodini Buzwagi. Walipoanza kupunguza watu, wenzake wengine walikwenda kwenye machimbo madogo ya upande wa Geita, wengine wakaingia kwenye bodaboda, yeye akajaza fomu ya chuo cha uuguzi. Walimcheka sana. Dereva wa lori la tani mia akageuka mkunga. Mimi sikumcheka. Nilifurahi, na furaha yangu nikaipitisha kwa binti yangu, kwa sababu mimi na mkwe wangu hatuzungumzi.

Hatukugombana, huo ndio ukwe. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono. Hawapokezani kitu: kinawekwa mezani au chini, anayekiweka anaondoa mkono, ndipo mwenzake anapokiokota. Hawakai benchi moja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Wasukuma wengi wa mjini wameulegeza mwiko huu. Sisi hatukuulegeza, na lazima niandike ukweli: mimi ndiye niliyesisitiza. Siku ya ng'ombe wa mahari kuletwa, mama mmoja wa upande wao alisema mambo haya ni ya zamani, na mimi nikajibu mbele ya watu kwamba heshima haina zamani. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na nilijisikia vizuri kusema maneno yale. Sasa yalikuwa yananingoja Kahama.

Nilikwenda kwa mkufunzi.

“Mwalimu, naomba nibadilishiwe wodi.”

“Wodi ya wazazi ni moja, mama.”

“Basi msimamizi.”

“Mwenzake yuko likizo ya uzazi. Amekukosea nini?”

“Hajanikosea. Ni mkwe wangu.”

Alicheka, ingawa si kwa ubaya. “Mama, orodha imeshatoka. Halafu hapa ni chuo, siyo ukoo.”

“Kwenye chumba kile watu wanakuwa uchi, mwalimu. Mimi na yeye hatuwezi hata kutazamana tukiwa tumevaa makoti.”

“Mkazungumze basi, muelewane.”

“Hatuzungumzi. Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Alinitazama kama mtu anayetafuta hatua ya kwanza na haioni. Kisha akaniambia gari la asubuhi la Kahama linawahi kujaa.

Siku ya kwanza niliingia wodini na aproni yangu. Mkwe wangu aliponiona mlangoni aligeukia kabati la mashuka.

“Shikamoo mama,” aliliambia kabati.

“Marahaba baba,” nililijibu sinki.

Kitandani palikuwa na mwanamke wa kutoka vijiji vya wafugaji, mimba ya nne, ana nguvu na hana aibu. Aliangalia kabati, akaangalia sinki, na kwa kuwa ni Msukuma mwenzetu alielewa yote kabla hatujamweleza. Nilivaa glovu, nikasimama upande wa kushoto wa kitanda. Mkwe wangu alisimama nyuma ya kichwa cha mgonjwa, ameelekeza uso dirishani, na kutoka huko akaanza kunisimamia.

“Dada,” alimwambia mgonjwa, “mwambie mama asikilize mapigo ya moyo wa mtoto.”

“Kasema usikilize mapigo,” mgonjwa aliniambia.

“Nimesikia. Mwambie ni mia moja na arobaini.”

“Mia na arobaini!” alipaza sauti nyuma. Uchungu ukamshika, akapumua, ukapita. “Enhe. Kuna salamu nyingine?”

“Mwambie mama asikuruhusu kusukuma bado.”

“Anasema nisisukume.”

“Na mimi nasema usisukume,” nikasema.

“Mayu,” mwanamke yule alisema, sasa akiniita mama na kuzungumza nami kwa Kisukuma halafu akarudia kwa Kiswahili ili hata dirisha lielewe, “ninyi mnanizalisha au mnanituma? Kama ni kutumwa, nilipeni nauli.”

Alijifungua salama, mtoto wa kike, na hadi kondo la nyuma linatoka alikuwa bado anapeleka ujumbe. Nilisafisha, nikanawa, nikakaa mezani nikaijaza patografu yake, karatasi ya kufuatilia uchungu, kwa utaratibu, nikaambatanisha na kitabu changu cha vitendo, nikaviweka kwenye meza ya msimamizi na kuondoa mkono.

Kesho yake kitabu kilikuwa palepale. Mstari wa kwanza haukuwa na sahihi.

Siku ya tatu nilizalisha tena, kwa mtindo uleule wa dirisha na salamu. Nikaandika, nikaweka, nikaondoa mkono. Sahihi haikuja. Wiki ikaisha hivyo. Wenzangu waliopangwa hospitali nyingine walikuwa wananipigia simu kuniambia wamefikia mstari wa pili au wa tatu. Wasichana ambao mwaka uliopita walikuwa hawajui upande wa kushika kichwa.

Nilikuwa na hasira, na nilijua kwa hakika sababu ya mambo yale. Kijana ameona aibu kuandika sahihi yake juu ya kazi ya mama mkwe. Ameshindwa kuniangalia nikifanya kazi, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba ameniona. Mwiko niliousimamia mimi mwenyewe ulikuwa unanila. Nilimpigia binti yangu.

“Muulize mume wako kama anataka nirudi kupiga deki.”

“Mama, muulize mwenyewe. Mko chumba kimoja kutwa.”

“Unajua siwezi.”

Jioni akanipigia. “Amesema usiwe na haraka.”

“Haraka! Nina wiki tatu. Mwambie nimeanza kuzalisha yeye akiwa anajifunza kuendesha trekta.”

“Mama, mimi siyo redio.”

“Mwambie hivyohivyo.”

Kesho yake alinipigia tena, na sauti yake ilionyesha kuwa huko nyumbani nako hapakuwa shwari. “Amesema kazi ya mikono yako haina kasoro. Amesema tatizo ni karatasi zako. Ni nzuri mno.”

“Nzuri mno ni tatizo?”

“Ndivyo alivyosema. Ameona tabu sana kulisema, mama. Amezunguka sufuria la ugali mara tatu.”

Nilikata simu nikiwa nimekasirika zaidi. Lakini mimi ni mtu wa kuhakiki. Asubuhi niliwahi wodini kabla ya zamu, nikatoa kwenye faili patografu alizojaza yeye, nikaziweka kando ya zangu mbili.

Patografu ni karatasi moja yenye miraba. Kila mama akipimwa, unaweka nukta kuonyesha mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi na saa hiyo ni saa ngapi, na mapigo ya moyo wa mtoto unayaweka kila nusu saa. Juu ya miraba hiyo imechapwa mistari miwili ya mshazari, inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta zikiangukia kwenye mstari wa kwanza au kushoto kwake, uchungu unakwenda vizuri. Zikiupita kwenda kulia, uwe macho. Zikigusa wa pili, mwite mwenye kisu, yaani daktari wa upasuaji.

Karatasi za mkwe wangu zilikuwa chafu. Wino wa bluu, wino mweusi, mahali pamoja penseli. Nukta moja ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, nyingine ilikuwa na alama ya kidole chenye damu. Zangu zilikuwa na wino mmoja, mkono mmoja, mlalo mmoja, mapigo ya moyo yamepangwa kama pindo lililoshonwa kwa cherehani. Mtu yeyote aliyewahi kuandika akiwa kazini angejua karatasi ile imeandikwa kwa kikao kimoja, na kwamba aliyeiandika alishamjua mtoto.

Ndivyo tulivyofanya zahanati miaka yote. Mikono kwanza, kalamu baadaye. Mtu ni mmoja, mgonjwa yuko kitandani, mwingine yuko mlangoni, nani ashike kalamu? Mama akishajifungua unakaa na chai, unakumbuka, unajaza. Mimi nilijivunia kwamba nakumbuka vizuri kuliko wengine. Darasani mkufunzi alisema karatasi hujazwa papo hapo, na mimi nikaandika sentensi hiyo kwenye daftari langu na kuipigia mstari, huku nikijiambia kuwa huyu binti hajawahi kuwa peke yake na wagonjwa wawili. Ilikuwa kweli, hajawahi. Lakini hapa Kahama sikuwa peke yangu. Nilikuwa na msimamizi mzima amesimama dirishani.

Nilirudisha faili. Nikafunga kalamu kwenye uzi na kuuvaa shingoni kama kitambulisho.

Kuanzia hapo niliandika nikiwa nimesimama, glovu moja imevuliwa, kwa mwandiko ulionitia aibu. Karatasi zangu zikachafuka. Sahihi ya kwanza ikaja wiki ya pili, ya pili na ya tatu wiki ya tatu, ya nne Jumatano ya wiki ya mwisho. Kila mara kitabu kiliwekwa mezani, mkono ukaondolewa, nikakichukua. Kazi zile mbili za wiki ya kwanza hazikuhesabiwa kamwe, na sikuziombea sahihi. Ikabaki Ijumaa na mstari mmoja.

Ijumaa ile saa mbili asubuhi aliletwa mwanamke kijana, mimba ya kwanza, anayepika chakula kwenye machimbo ya upande wa Geita. Alikuja Kahama kujifungulia kwa dada yake. Mumewe alikuwa duarani, yaani ndani ya shimo, na simu haishiki huko. Nilimpima: sentimita nne. Nikaweka nukta. Iliangukia juu ya mstari wa kwanza kabisa, mahali pazuri. Nilikadiria kwamba ikifika saa nane au saa tisa tutakuwa tumemaliza. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa tisa na nusu, na mafunzo yangu pamoja nayo.

Alikuwa mcheshi. Alinieleza jinsi wachimbaji wanavyokula: wakipata mawe mazuri wanaagiza kuku, wasipopata wanaagiza maharage na kusema kuku ana mafuta. “Mama, nikijifungua leo utakuja kula bure,” alisema. “Hata kama mawe hayajatoka.”

Saa sita nilimpima tena. Sentimita sita. Nukta ikaangukia kulia kwa mstari wa kwanza. Mkwe wangu alikuwa kitanda cha pili na mgonjwa mwingine, pazia katikati. Nilimwambia mgonjwa wangu amwambie kwamba nimepima, ni sita, na alipaza sauti akamwambia. Jibu likapita kwenye pazia: tumpime tena saa nane, tusikilize moyo kila mara.

Ucheshi ukaisha. Kufika saa nane alikuwa haongei. Nilivaa glovu mpya.

Vidole havina namba juu yake. Unapima kwa kuvipanua viwili na kukadiria, na kati ya sita na saba kuna upana usiozidi ukucha. Nilihisi kichwa cha mtoto kimeanza kuvimba kwa juu, mifupa imeanza kupandana. Nilihisi mlango wa kizazi. Sita. Nikapima tena ndani ya uchungu. Sita, labda na kidogo.

Nilishika kalamu iliyokuwa shingoni na kuitazama karatasi. Nukta ya sita kwa saa nane ilikuwa inagusa mstari wa pili barabara, mstari wa kisu. Nukta ya saba ilikuwa inabaki kushoto kwake, nafasi ya saa nzima. Katika saa moja huenda angefunguka. Nimeona wanawake waliokwama wakafunguka ghafla. Ningepata mstari wangu wa tano, ningerudi chuoni Jumatatu, matokeo yangetoka kwa wakati, na barua yenye aya tatu ingenyamaza. Nukta moja, upana wa ukucha. Na zahanati, kwa kalamu ya baada ya chai, wala nisingekuwa na la kuchagua: ningengoja nione mwisho, kisha nukta ningeiweka palipofaa.

Nilimkumbuka mtoto mmoja wa kaunta buku langu, wa miaka mingi nyuma, aliyechukua muda mrefu sana kulia. Patografu ya mama yake niliijaza jioni, na ilitoka nzuri, imenyooka. Mganga wa wilaya aliisifu. Mtoto yule alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mama yake alipokuja kuniuliza sababu nilimwonyesha karatasi.

Niliweka nukta kwenye sita.

Sikumtuma mgonjwa. Hakuwa katika hali ya kutumwa. Nilisema kwa sauti yangu, “Baba, njoo uone.”

Pazia lilisogea. Alikuja upande wangu wa kitanda, si wa dirishani, akasimama bega kwa bega nami. Nilimpa karatasi mkononi, naye akaipokea mkononi.

“Umepima saa ngapi, mama?”

“Saa nane kasoro dakika tano.”

“Sita?”

“Sita. Nilitaka iwe saba.”

Alivaa glovu akapima mwenyewe, nami nimesimama pale, sikugeuka. “Sita,” alisema. Kisha akasikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu, uso wake ukawa uso wa kazi tu. “Unashuka baada ya uchungu. Nampigia daktari. Mtayarishe.”

Nilimtayarisha. Tulimsukuma wawili mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, tumeshika chuma kimoja cha kitanda. Saa tisa kasoro robo tulisikia mtoto kupitia mlango. Alilia papo hapo, kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Mkwe wangu alikuwa ukutani upande mmoja wa korido. Mimi nikaenda upande mwingine.

Saa tisa na dakika ishirini kitabu changu kiliwekwa mezani na mkono ukaondolewa. Nilikifungua nikiwa nimesimama. Sahihi nne. Mstari wa tano ulikuwa mtupu. Uzazi ulimalizwa na daktari kwa kisu, kwa hiyo hauhesabiki kuwa wa mwanafunzi. Nilijua kanuni hiyo kabla ya kufungua, na bado nilifungua nikitumaini. Chini ya ukurasa, kwenye nafasi ya maoni ambayo hakuna chuo kinachoisoma, aliandika kwa mwandiko wake mchafu: “Ametambua uchungu uliokwama kwa wakati na ameita msaada.”

“Mwambie aliyeandika,” nililiambia sinki, “kwamba maoni ya hapa chini hayapewi alama.”

“Mwambie mama najua,” mkwe wangu aliliambia kabati la mashuka.

Nilipewa sapu, kama wanafunzi wanavyouita mtihani wa marudio: mwezi mmoja zaidi wodini kwa ajili ya mstari mmoja. Niliupata siku ya tatu ya mwezi huo. Siku zilizobaki nilizimaliza kwa sababu kanuni inasema mwezi. Matokeo yangu yalitoka na kundi la pili, na cheti kilinifikia wiki saba baada ya tarehe ya mwisho niliyopewa na barua.

Sasa niko kwenye dirisha la kadi, katika zahanati yetu ileile. Naandika majina ya wagonjwa. Cheti kiko kwenye droo, kwenye bahasha. Ombi langu la kurudishwa leba linasubiri kikao, na kikao hukaa kila baada ya miezi mitatu, kama akidi itatimia. Mara ya kwanza haikutimia. Nimeandika barua ya kukumbusha. Ina aya tatu.

Muuguzi mpya waliyemleta ni msichana mwepesi, ana adabu, na yuko peke yake kama nilivyokuwa mimi. Wiki iliyopita alikuja dirishani na patografu, shikamoo mama, naomba uniangalizie kama imekaa vizuri. Niliitazama. Ilikuwa safi, wino mmoja, nukta zimepanda hadi sentimita kumi bila kuyumba. Nilimuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

“Bado,” alisema. “Nimetanguliza tu, mama, maana baadaye nitakosa nafasi.”

Kupitia dirisha nilimwona mama mwenye karatasi ile. Alikuwa amesimama uani na kanga kiunoni, ameshika nguzo ya tangi la maji, anapumua.

Nilivua uzi wa kalamu shingoni, nikaupitisha dirishani pamoja na karatasi nyingine tupu, nikamwambia aende akampime kwanza, aniletee nukta moja.